Mita 300 zilizonipotea mtoni Zigi

Nilikuwa nimesimama ndani ya mto Zigi, maji yakinifika magotini, chini ya milima ya Amani huku Muheza. Kidoti kinachoonyesha nilipo, juu ya ramani ya karatasi niliyoiingiza kwenye simu, kikadai niko mlimani, kusini ya mto. Kijana niliyefuatana naye akachungulia, akacheka: "Kaka, simu yako imelewa." Haikuwa imelewa. Mlevi nilikuwa mimi niliyeiandaa ile ramani.

Ramani zetu za karatasi za kipimo cha 1:50,000, zile zenye mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye kimo sawa), zilichorwa kwa datumu, yaani msingi wa kupimia mahali, iitwayo Arc 1960. GPS inatumia datumu nyingine, WGS 84. Kila moja ina hesabu yake ya umbo la dunia na kitovu chake, kwa hiyo jiwe lilelile hupata namba mbili. Ukizichanganya huku kwetu Tanga, kidoti kinaangukia kama mita 300 kusini na mita 90 hivi mashariki ya pale ulipo. Kwenye karatasi mita 300 ni milimita 6 tu. Lakini katika Usambara Mashariki, milimita 6 zinatosha kukutoa kigongoni na kukutia korongoni.

Kosa lilifanyika nyumbani. Nilikuwa nimeskani karatasi kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), ambapo pikseli moja inabeba mita 4 na kidogo, inatosha kabisa. Nikaifungua kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, nikaanza kubofya misalaba ya gridi, pale mistari ya miraba inapokatana, na kuandika namba zake: 455000 kwa 9435000, na kuendelea. Watu wengi hubofya pembe nne wakaridhika. Mimi hubofya kumi na mbili au zaidi, maana karatasi ikikaa kwenye unyevu wa pwani hutanuka, na penye mkunjo ndiyo kabisa. Kisha programu ikauliza namba hizo ni za mfumo gani. Kila mfumo una namba yake ya EPSG; nikachagua 32737, yaani WGS 84, kanda ya 37 kusini ya gridi ya mita iitwayo UTM, kwa mazoea tu. Ilitakiwa 21037: kanda hiyohiyo, ila ya Arc 1960. Namba za gridi zinafanana kwa sura, kwa hiyo programu haikulalamika hata kidogo.

Ukishachagua 21037, ndipo unaibadili picha iende WGS 84 na kuihifadhi kama MBTiles, faili la vipande vya ramani, kwa ajili ya simu. Wenye vifaa vya GPS vya mkononi vya Garmin wana shida nyingine: picha hukatwa vipande vya pikseli 1024 kwa 1024, na vifaa vya zamani vinabeba vipande 100 tu. Karatasi moja nzima inakula karibu nusu. Kata pambizo, beba eneo utakalotembea.

Njia za miguu zilizochorwa humo usiziamini, nyingi zimeshafunikwa au zimehama. Mimi naibeba kwa ajili ya kontua. Chini ya miti mikubwa kidoti hurukaruka, lakini kontua zikichongoka kama mkuki kuelekea mlimani juu, hapo ni bonde, na bonde halihami.

Siku hizi karatasi mpya naijaribu kwanza mahali ninapopajua. Ya Muheza niliijaribu stesheni: nilisimama kando ya reli, nikasubiri dakika mbili, kidoti kikatulia juu ya reli. Ndipo nikaenda kutafuta gari la Amani.