Umeme mkubwa haufundishwi kwa kushikashika

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwenye kikao cha kupitia mtaala wa uhandisi wa umeme: "Chuo kina nadharia, kampuni zina vitendo. Tupunguze hesabu, vijana wakashike vifaa." Karibu meza nzima ikaafiki. Mimi ni mtu wa relei za ulinzi, yaani vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe, na wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo kazini nawasimamia mwenyewe. Kauli hiyo imenichosha, kwa sababu inawaumiza vijana walewale inaodai kuwatetea.

Tuanze na huko kushika. Kwenye kituo cha kilovolti 132 mwanafunzi hashiki kitu. Hata fundi aliyezeekea kazini hashiki mpaka njia izimwe, ipimwe, iunganishwe na ardhi (arthi) na kibali cha kazi kitoke. Huwezi kujifunza kwa kukosea mahali ambapo kosa la kwanza linaua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya vitendo vyetu ni hesabu ya kabla ya kugusa: mkondo wa hitilafu utafika wapi, relei ipi iamke kwanza, breka ipi, yaani swichi kubwa ya kukata umeme, ifunguke na ipi isubiri. Anayekuja bila hesabu hizo atamaliza wiki zake zote akibeba mafaili na kutazama wenzake. Nimewaona wengi, na lawama nyingine ni yetu tunaowapokea.

Majuzi mmoja wao, wa mwaka wa tatu, nilimpa kesi halisi. Transfoma ilikuwa inawashwa baada ya matengenezo. Breka ilipofungwa tu ili umeme upite, relei ya difarensho, ile inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, ikatripu, yaani ikaamuru umeme ukatwe. Kituoni walishaamua: relei mbovu, ibadilishwe. Kijana akafungua kwenye kompyuta rekodi ya mikondo ya wakati ule, akaikodolea macho kimya kwa muda mrefu. Mawimbi yalikuwa yameegemea upande mmoja wa mstari wa sifuri, vilele vimechongoka, na kati ya kilele na kilele pako tupu.

"Injinia, hii si hitilafu. Huu ni mkondo wa kuwashia, kiini kimejaa."

Alikuwa sahihi. Transfoma ikiwashwa msongo (volti) ukiwa karibu na sifuri, na kiini, yaani chuma cha ndani yake, kikiwa na masalia ya usumaku, flaksi (usumaku unaopita kwenye kiini) hupita kiwango ambacho kiini kinaweza kubeba na mkondo huruka mara kadhaa ya ule wa kawaida. Unaingia upande mmoja bila kutokea wa pili, hivyo difarensho inauona kama hitilafu ya ndani. Mkondo huo huwa na hamoniki ya pili nyingi, yaani wimbi lenye masafa mara mbili ya wimbi la msingi, na ndiyo maana relei huzuiwa isitripu hamoniki hiyo ikizidi kiwango kilichopangwa. Akaipima: kati ya fezi (njia) tatu za umeme, mbili zilikuwa juu ya asilimia 20 ya wimbi la msingi, ya bluu ilikuwa 11. Kizuizi kilipangwa asilimia 15, tena kila fezi ijiamulie yenyewe. Fezi ya bluu haikufika hapo, haikuzuiwa, nayo ndiyo iliyotripu. Relei ilikuwa nzima, kasoro ilikuwa kwenye mpangilio. Kituoni hakuna aliyemfundisha hayo. Aliyatoa kwenye uchambuzi wa Fourier, hesabu ya kuligawa wimbi katika mawimbi sahili yanayoliunda, mada ambayo kikao chetu kilitaka kuifyeka.

Halafu nadharia yenyewe ilitoka wapi? Njia ya kuichambua mikondo ya fezi tatu isiyolingana, ile inayowatoa jasho wanafunzi, iliwasilishwa mwaka 1918 na Charles Fortescue, mhandisi wa kampuni ya Westinghouse. Edith Clarke, mhandisi aliyeiendeleza njia hiyo, alifanya kazi miaka mingi General Electric kabla ya kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1947. Charles Steinmetz, aliyewaonyesha wahandisi namna ya kuuhesabu mkondo geu, alikuwa General Electric na Union College kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya hesabu hizi iliandikwa na watu wa viwandani waliokuwa na tatizo mezani. Kuziita "mambo ya chuo" ni kutoijua kazi yetu wenyewe.

Nije kwenye ushirikiano. Kampuni ikitajiwa neno hilo hutoa kabati la relei na picha hupigwa. Nimelikuta kabati la namna hiyo likiwa limefungwa kwa kufuli: leseni ya programu imekwisha, na aliyefundishwa kulitumia ameshahama. Ninachoomba mimi ni rekodi za hitilafu, majina ya vituo yakiwa yamefutwa, pamoja na maelezo ya kilichofanyika baadaye. Na mhandisi mmoja aende darasani nusu siku kwa wiki, saa hizo zihesabiwe kuwa kazi. Kabati hutolewa upesi kuliko rekodi, kwa sababu rekodi inaanika makosa. Woga huo nauelewa, lakini bila rekodi hizo mwanafunzi anabaki na mifano ya vitabuni ambayo mawimbi yake ni safi mno.

Kuna mambo sina uhakika nayo. Huwa nasema waliopitia kwetu wanafanya vizuri zaidi kazini. Lakini tunawachagua wenye alama nzuri, kwa hiyo huenda wangefanya vizuri hata bila sisi. Na niliwahi kukishawishi chuo kifundishe programu ya relei tulizokuwa tukitumia. Muda si mrefu tukabadili aina ya relei, na vijana wakabaki wanajua menyu ya kifaa ambacho hata sisi tumekiacha. Nilikosea.

Kikao kinarudi baada ya wiki mbili. Nimeomba ruhusa kazini niipeleke rekodi ile ya transfoma, jina la kituo limefutwa. Ruhusa bado haijatoka.