Gemu za vita na ukali wa mtoto: tuangalie wapi?

Mimi ni mwanasaikolojia wa watoto, na wazazi huniuliza swali hili kuliko mengine yote: mwanangu anashinda kwenye gemu za kuuana, je, na yeye atakuja kumdhuru mtu? Sioni ushahidi wa kunifanya nijibu ndiyo. Ila nikiishia hapo nitakuwa nimeeleza nusu tu ya habari.

Kwanza, fikiria ukali unavyopimwa. Hakuna mtafiti atakayeruhusu watu wapigane maabarani ili aandike matokeo. Kwa hiyo mshiriki akimaliza gemu huambiwa ashindane kubonyeza kitufe na mtu aliye chumba cha pili. Akishinda, anachagua mwenzake apigiwe kelele masikioni kwa nguvu gani na kwa muda gani. Mara nyingi huyo mwenzake hayupo kabisa, ni kompyuta. Kelele hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa ukali. Malte Elson, mwanasaikolojia wa Ujerumani, amekusanya zaidi ya njia 150 ambazo watafiti wametumia kukokotoa matokeo ya jaribio hilohilo. Penye njia nyingi kiasi hicho, mtu anaweza kuangukia ile inayompa jibu alilolitarajia, hata bila kukusudia.

Wapo watafiti makini wanaoona athari, na siwapuuzi. Mwaka 2018, Anna Prescott na wenzake waliunganisha tafiti 24 zilizofuatilia vijana zaidi ya 17,000 wa miaka 9 hadi 19. Waliocheza gemu za vurugu walizidi kidogo baadaye katika kupigana, hata ulipozingatiwa ukali waliokuwa nao tangu mwanzo. Kidogo, lakini kipo. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliandika hadharani namna watakavyochambua takwimu zao kabla hawajazigusa, kisha wakawapima vijana wa Uingereza wapatao 1,000 wa miaka 14 na 15, na wazazi wao pia wakahojiwa. Hawakuona uhusiano wowote. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani nacho kilitamka mwaka 2020 kwamba gemu hizi zina uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuzihusisha na vurugu zenyewe.

Sasa, huko kufoka kunatoka wapi? Hapa ndipo ninapotamani wazazi wangetulia kidogo. Andrew Przybylski na wenzake walichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyobadilisha namna ninavyofanya kazi. Waliichukua Half-Life 2, gemu ya kupigana kwa risasi, wakatengeneza toleo ambalo adui hatoki damu, anaguswa tu na kuyeyuka. Baadhi ya wachezaji walifundishwa kwanza, wengine wakatupwa ndani hivihivi. Waliotoka na hasira ni wale wasiofundishwa, gemu iwe ya damu au isiwe ya damu. Katika jaribio jingine walitumia Tetris, gemu ya kupanga vipande ambayo haina hata ngumi moja. Waliopewa Tetris iliyofanywa ngumu, walipoulizwa mshiriki anayefuata aloweke mkono kwenye maji ya baridi kali kwa muda gani, walimwongezea kama sekunde 10 kuliko waliocheza ile rahisi.

Kwa hiyo mzazi akiniambia mtoto anarusha pedi ya kuchezea gemu na kutukana, namuuliza hilo hutokea saa ngapi. Mara nyingi ni baada ya kushindwa, au pale gemu ilipozimwa katikati. Mechi ya mtandaoni haisimamishwi. Anayetoka kabla haijaisha huwaangusha wenzake, na gemu nyingi humwadhibu. Kumwambia “maliza hiyo, usianze nyingine” kunaepusha ugomvi ambao “zima sasa hivi” hauuepushi. Halafu nauliza analala saa ngapi, maana mtoto aliyekesha hana subira na mtu.

Alama ya umri kwenye gemu bado naiheshimu. Mtoto wa miaka saba akiona watu wanakatwakatwa anaota ndoto mbaya, na hiyo ni sababu tosha ya kumnyima.

Kijana anayepiga wenzake shuleni ni suala jingine. Kinachotabiri vurugu za kesho kwa uzito ni vurugu za jana, alizozifanya au alizofanyiwa. Gemu naiulizia mwishoni. Naanza kwa kuuliza kama kuna mtu anayempiga yeye.