Shoti ya stoo si deni la zamu nzima

Kuanzia viwanda vya samaki hadi maduka ya jumla ya mjini hapa Mwanza, wafanyakazi wananijia na kauli ileile kuhusu shoti, yaani upungufu wa mali stoo: "Stoo ikipungua tunakatwa wote, ndiyo sheria." Hiyo si sheria. Nalisema tena leo kwa sababu mishahara ya watu inaliwa hivi hivi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamtaka mwajiri anayedai hasara aonyeshe kuwa imetokea kazini na kwa kosa lako. Lako, si la zamu. Akuandikie chanzo, kiasi na hesabu yake, kisha akupe nafasi ya kupinga. Hata ukikubali kwa maandishi, makato yasizidi robo ya mshahara. Bosi anayewapekua getini kila jioni na kumwona kila mtu mwizi bado hajathibitisha chochote.

Kinachoniumiza ni zile karatasi. Juu imeandikwa "Tunakubali kulipa upungufu", chini majina na saini za zamu nzima, na palipopaswa kuwa na kiasi pako wazi. Ukiuliza unajibiwa: "Nilisaini ili yaishe." Hayaishi! Mwezi ujao inatokea shoti nyingine na karatasi iko palepale mezani kwa meneja. Usisaini kiasi usichokiona. Ukipewa barua na kutakiwa kusaini kuwa umeipokea, andika kando ya saini yako "Nimepokea, sikubaliani", weka tarehe, ipige picha kwa simu. Fanya hivyo hata kama msimamizi anakufokea.

Kuna kauli nyingine ninazozisikia. "Sina mkataba wa maandishi, kwa hiyo sina haki." Si kweli. Kwenye shauri, mwajiri asiyeleta maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi.

"Nikiacha mwenyewe nimepoteza kila kitu." Si lazima. Mwajiri akifanya kazi isivumilike, kuacha kwako kunaweza kuhesabiwa kuwa umeachishwa. Ila utatakiwa kuthibitisha, kwa hiyo lalamika kwa maandishi kabla hujaondoka, ubaki na nakala.

"Tume nitaenda nikitulia." Hapana, jamani. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ina muda wake. Kupinga kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30, madai mengine kama makato ni siku 60. Ukichelewa, unaanza kwanza kuomba kusikilizwa nje ya muda, na sababu yako iwe nzito. Jaza Fomu Namba 1 ya Tume, mpelekee mwajiri nakala, na uhifadhi uthibitisho kwamba ameipokea.