Dorper Naye ni Mtoto wa Kodi

Nimeulizwa tena, safari hii mnadani Meserani, na mzee mwenye kondoo wengi kuliko nitakaowahi kumiliki: "Daktari, serikali inahangaika nini kutafiti vikondoo hivi vyetu vyekundu vya Kimaasai, vya mkia wa mafuta, wakati Dorper wapo? Si mtugawie madume, yaishe?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo. Naandika hapa, atakayeuliza tena nimtumie.

Huyo Dorper unayemsifia, aina ya kondoo wa nyama, alitengenezwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1930, kwa kazi ya idara ya kilimo ya serikali. Walipandisha Dorset Horn wa Uingereza na Persian mwenye kichwa cheusi, ambaye asili yake ni kondoo wa Kisomali, yule wa makalio ya mafuta. Kwa hiyo "mzungu" wako nusu yake ni mwenyeji wa Afrika, na hela iliyomtengeneza ni ya umma. Tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni mizani. Mfugaji anampima mwanakondoo mmoja siku ya kumuuza, anaona Dorper kamzidi mwekundu wa Kimaasai, mjadala umekwisha. Waliokufa Aprili hawapandi mizani! Hesabu kilo za watoto waliouzika kwa kila jike uliyemlisha mwaka mzima, aliyezaa na asiyezaa, halafu toa hela ya dawa.

Miaka ya 1990 hesabu ya namna hiyo ilifanyika Diani, pwani ya Kenya, chini ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, tena kwa hela za umma za nchi wafadhili. Kule kuna unyevu, na penye unyevu kuna Haemonchus, mnyoo wa tumbo la nne anayefyonza damu mpaka kope zinapauka na chini ya taya kunavimba maji. Wana wa kondoo wekundu walitoa mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, damu yao haikushuka sana, vifo vikawa vichache. Kwa kundi zima walimwacha Dorper mbali. Lakini huko huko Kenya, kwenye nyanda kavu, tofauti hiyo iliyeyuka. Ndiyo maana mtu wa Longido, kwenye ukavu, akiniambia Dorper wanamlipa, simbishii. Wa Tengeru, mwenye majani mabichi kando ya mfereji, namuuliza kwanza amefukia wangapi.

"Basi nipe dawa ya minyoo." Dawa ile ile, kila mwezi, kwa kipimo cha kukisia, ndiyo inayozalisha minyoo sugu.

Kuna na hili la chotara. Wa kwanza hutoka mzuri kweli, na mfugaji anaamini uzuri wote umetoka kwa baba. Sehemu kubwa ni nguvu ya uchotara wenyewe. Mrudishe kwa Dorper, nusu ya nguvu hiyo inapotea. Wapandishe machotara wao kwa wao, inapotea nusu vilevile. Ili uendelee kupata wa kwanza lazima uwe na majike safi wa asili, na hao ndio unaowauza ukisema hawana faida.

Kuhusu kugawa madume: Kenya walifanya hivyo tangu katikati ya miaka ya 1970, kwa ruzuku, bila kuwafundisha wafugaji jinsi ya kuendesha uchotara. Kondoo safi wa Kimaasai wakawa adimu. Hiyo nayo ilikuwa hela ya umma, kwa hiyo sisi wataalamu tusijifanye malaika.

Na nina shaka zangu. Rangi nyekundu haithibitishi damu. Sokoni naona wekundu wenye mgongo wa Dorper kabisa, na sijui ni wangapi kati yao bado wana ukinzani ule dhidi ya minyoo. Mayai ya minyoo hupanda na kushuka, kipimo kimoja kwa kondoo watano kinaweza kumdanganya hata mwenye digrii tatu. Halafu kondoo wa kituo cha utafiti anapimwa kwa ratiba. Wa bomani anafuata mvua.

Mzee wa Meserani nilimwomba jambo moja: masika yakiisha awafunue kope kondoo wote, na dume ambaye watoto wake hawajapauka asimhasi wala asimpeleke mnadani mpaka nifike nimwone.