Maana ya Mapitio ya Usalama ya Kanuni za Uendeshaji wa Kinu cha Nyuklia

Mwenye kituo cha umeme wa nyuklia hapewi leseni tupu ya kuzalisha umeme. Leseni huandamana na kitabu kinene cha masharti kinachoeleza kinu kiendeshwe katika hali gani, mitambo ipi lazima iwe tayari wakati wote, ijaribiwe kila baada ya muda gani, na wahudumu wa chumba cha udhibiti wachukue hatua gani pale sharti mojawapo linaposhindwa kutimizwa. Masharti hayo ndiyo kanuni za uendeshaji. Mapitio ya usalama ni kazi ya mamlaka ya udhibiti ya kuzichunguza kanuni hizo kabla hazijaanza kutumika, na tena kila mara mwenye kituo anapoomba kuzibadilisha, ili ijiridhishe kwamba kila sharti limesimama juu ya sababu ya kitaalamu na kwamba wanaotakiwa kulifuata wataweza kulifuata.

Mfano wa jenereta za dizeli katika vinu vya Marekani unaonyesha vizuri kazi hiyo. Kinu kikizimwa hakipoi papo hapo. Mara baada ya mwitiko wa nyuklia kusimama, fueli huendelea kutoa joto la karibu asilimia 6 au 7 ya nguvu iliyokuwa nayo, na joto hilo, ingawa hupungua saa baada ya saa, lazima liondolewe na maji yanayosukumwa na pampu, nazo pampu zinahitaji umeme. Gridi ikikatika, tegemeo ni jenereta za dizeli, ambazo kwa kawaida huwa angalau mbili kwa kila kinu ili moja ikikataa kuwaka nyingine ibebe mzigo wote. Masharti ya kawaida ya huko yanasema kwamba jenereta moja ikiharibika, kinu kinaweza kuendelea kufanya kazi kwa saa 72. Muda huo ukiisha kabla haijatengenezwa, kinu kizimwe ndani ya saa 6 na kifikishwe kwenye hali ya ubaridi ndani ya saa 36.

Saa hizo 72 zinapima mambo mawili yanayovutana. Fundi anahitaji muda wa kuifungua mashine na kuitengeneza bila papara, kwa kuwa kukilazimisha kinu kuzimwa haraka nako kuna hatari zake. Lakini kila saa inayopita ni saa ambayo gridi inaweza kukatika huku jenereta iliyobaki ikishindwa kuwaka.

Sasa tuseme mwenye kituo anaomba saa 72 ziwe siku 14, ili aweze kufanya matengenezo makubwa bila kuzima kinu. Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani haikatai ombi kama hilo moja kwa moja, ila hutaka kuwe na chanzo kingine cha umeme cha akiba kinachoweza kushika nafasi ya jenereta iliyo mikononi mwa mafundi, na hutaka hesabu za uwezekano wa ajali zinazoonyesha hatari itaongezeka kwa kiasi gani. Sheria huuliza pia maswali matatu kuhusu badiliko lolote la leseni. Je, litaongeza kwa kiasi kikubwa uwezekano au madhara ya ajali iliyokwisha kutathminiwa? Je, linaweza kuleta ajali ya aina mpya? Je, litapunguza kwa kiasi kikubwa akiba ya usalama? Majibu ya maswali haya huamua iwapo badiliko linaweza kupitishwa kabla ya kusikilizwa kwa pingamizi, kama lipo. Ombi hutangazwa ili wananchi watoe maoni yao, na tume ikikubali huandika tathmini inayoeleza sababu za kukubali.

Swali la tatu ndilo, kwa maoni yangu, linalodai uangalifu mkubwa kuliko mengine. Akiba ya usalama ni nafasi iliyoachwa kati ya kiwango ambacho sheria inakiruhusu na kiwango ambacho chombo kingevunjika kweli. Kila ombi likisomwa peke yake huonekana linamega kipande kidogo tu cha nafasi hiyo, kwa hiyo mkaguzi mwaminifu hana budi kusoma na maombi yaliyotangulia, ajue ni kiasi gani kimekwisha kumegwa.

Kanuni inaweza kuwapo kwenye karatasi na bado isimlinde mtu. Katika kinu namba 4 cha Chernobyl, usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, palikuwa na sharti kuhusu idadi ya chini ya fito za kudhibiti, yaani fito zinazopunguza mwitiko wa nyuklia, zinazopaswa kubaki ndani ya kiini cha kinu, nalo lilivunjwa. Ripoti ya kwanza ya wataalamu washauri wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ya mwaka 1986, iliwatupia lawama nzito wahudumu. Ripoti ya pili, ya mwaka 1992, ilirekebisha hukumu hiyo: wahudumu hawakuwa wameelezwa kwamba fito zikipungua mno, kitendo chenyewe cha kuzima kinu kwa dharura kingeweza kupandisha nguvu kwa ghafla badala ya kuishusha. Sharti la idadi ya fito walilichukulia kuwa la kusawazisha nguvu ndani ya kiini tu, na hawakuwa na kipimo cha kuwaonyesha idadi hiyo papo kwa papo. Mapitio ya kweli yangeuliza mapema kwa nini sharti hilo lipo na mhudumu atajuaje kwamba amelikaribia. Inauma kufikiri kwamba maswali hayo hayakuhitaji mashine mpya wala fedha nyingi.

Nchini Japani, baada ya ajali ya Fukushima Daiichi ya Machi 2011, mamlaka mpya ya udhibiti ilianza kazi Septemba 2012, na kanuni za uendeshaji zikawa mojawapo ya nyaraka zinazopaswa kuidhinishwa kabla ya kinu kuwashwa tena. Huko mapitio yaligusa hata mwenendo wa uongozi. Kanuni za kituo cha Kashiwazaki-Kariwa, zilizoidhinishwa Oktoba 2020, zilibeba ahadi saba za kampuni ya TEPCO, mwenye kituo hicho na pia cha Fukushima Daiichi, ikiwemo ya kutotanguliza faida mbele ya usalama. Miezi michache baadaye ilifichuka kwamba Septemba ya mwaka huohuo mfanyakazi alikuwa ameingia chumba cha udhibiti kwa kitambulisho cha mwenzake. Aprili 2021 mamlaka ikapiga marufuku kuhamisha fueli ya nyuklia kituoni hapo, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Desemba 2023.