Mshale wa spidomita ukidanganya, tazama maili kwanza

Juzi mzee mmoja wa Mkunazini alinijia na spidomita mkononi, kaifunga kwenye kitambaa kama yai. Gari yake ya Kiingereza, ya zamani, inasoma maili.

"Mwanangu, nikazie kamani, ile springi ya mshale. Nikienda hamsini na tano, yeye asema sitini."

"Na maili je, mzee, nazo zinazidi?"

Akafikiri. "Shamba ni maili kumi. Siku hizi yaandika karibu kumi na moja."

Basi kamani haina kosa. Tarakimu za maili huzungushwa na meno ya gia, moja kwa moja kutoka kwenye kebo, ule waya uzungukao utokao kwenye giaboksi. Mshale haukushikana na kebo: kebo huzungusha sumaku, sumaku hukikokota kikombe cha alumini kilichobeba mshale, bila kukigusa, na kamani nyembamba kama ya saa hukizuia. Vyote viwili vikizidi sawasawa, ugonjwa uko chini, kwenye mipira ya magurudumu au gia.

Tukaenda penye barabara tambarare. Nikapima mita 16.09, yaani sehemu moja ya mia ya maili, nikachomoa kebo upande wa juu na kubandika kijikaratasi kwenye ncha ya waya wa ndani. Gari ikawa huru, vijana wakasukuma, mie nahesabu: mizunguko 14. Uso wa spidomita ile umeandikwa 1280, yaani mizunguko ya kebo kwa maili moja; kwa kipande kile inataka 12.8. Mipira aliyouziwa ni midogo. Ningekaza kamani, mshale ungesema kweli na maili zikabaki na uongo wao.

Maili zikiwa sawa na mshale ndio mkosa, hapo nafungua. Ile 1280 hunifaa tena: maili 60 kwa saa ni maili moja kwa dakika, kwa hiyo naizungusha spidomita kwa drili mahali pa kebo: ikizunguka mara 1280 kwa dakika mshale ukae kwenye 60, mara 640, kwenye 30. (Drili ifuate upande wa kebo!) Kosa likiwa kiasi kilekile kila mahali, nausogeza mkia wa kamani kwa kibano, pumzi nimeibana. Likikua kadiri mwendo unavyopanda, na mshale unasoma chini, mara nyingi sumaku imechoka. Itiwe nguvu upya.

Na grisi jamani! Kwa kuogopa kutu ya chumvi watu huipaka kebo nzima. Hupanda, ikanata kwenye kikombe, na mshale ukaruka juu gari ikitambaa. Acheni sentimita 15 za juu kavu.

Mzee kabadilisha mipira. Shamba limerudi maili kumi.