Mauaji ya watu weusi Marekani baada ya utumwa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Waliouawa na umati walikuwa wahalifu, hasa wabakaji.

Magazeti mengi ya Kusini mwa Marekani yaliandika hivyo, na wapo wanaoamini hadi leo. Tazama Memphis, Machi 1892. Thomas Moss, mpeleka barua, alishirikiana na wenzake kufungua duka la vyakula, People's Grocery. Mzungu aliyezoea kuuza peke yake mtaani pale akaanza kupoteza wateja. Ugomvi wa watoto waliokuwa wakicheza gololi ukakuzwa na wakubwa. Wanaume wenye silaha walivamia duka usiku, waliokuwa wakililinda wakajibu kwa risasi, kamatakamata ikafuata. Siku chache baadaye umati uliwatoa mahabusu Moss, Calvin McDowell na Will Stewart, ukawamiminia risasi nje ya mji. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Kosa la Moss lilikuwa kufanikiwa.

Rafiki yake, mwandishi wa habari Ida B. Wells, alianza kupekua mauaji ya aina hiyo moja baada ya jingine. Aligundua kwamba takriban theluthi moja tu ya waliouawa walituhumiwa kubaka, sembuse kuthibitishiwa kosa. Alipoyachapisha, ofisi ya gazeti lake ilivunjwa.

Dhana: Ni kazi ya wahuni wachache waliojificha gizani, mahakama zilipochelewa.

Waco, Texas, Mei 1916. Jesse Washington, kijana wa miaka 17, alikuwa ametoka tu kuhukumiwa kifo. Mahakama haikuchelewa hata kidogo. Bado walimburuta nje na kumchoma moto mchana kweupe, mbele ya maelfu ya watu, meya akiwa miongoni mwa watazamaji. Picha za mwili wake ziliuzwa kama postikadi.

Dhana: Yalitokea Kusini tu.

Hapana. Kaskazini pia yalitokea. Springfield, Illinois, mji alikoishi Abraham Lincoln, rais aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, ulishuhudia umati ukiua na kuchoma nyumba za weusi mwaka 1908. Duluth, Minnesota, umati uliua weusi mwaka 1920.

Dhana: Serikali kuu ilipiga marufuku mapema.

Muswada wa Dyer, uliotaka mauaji haya yawe kosa chini ya sheria ya serikali kuu, ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 1922, ukazimwa Seneti. Sheria ilisainiwa Machi 2022, miaka 100 baadaye, kwa jina la Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955. Waliomuua waliachiwa huru na baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu. Mwaka uliofuata walilipwa na jarida moja wasimulie walivyomuua, wakasimulia.